Meza Niliyomwachia Anitha

Mafundi wenzangu vijana wa Tandika, mmeniomba niandike machache kuhusu miaka niliyotengeneza mashine za gemu, kwa kuwa nimestaafu na mnadhani sasa nina nafasi. Nafasi ninayo. Ninachokosa ni ushujaa. Waliokaa karibu na meza yangu wanajua kuwa Fundi Hamisi ni mwoga. Nimeogopa umeme tangu siku ya kwanza, nimeogopa mende, nimeogopa wateja wakimya, na leo naandika nikiwa na hofu kubwa kuliko zote hizo. Nitaifikia kwa utaratibu wake. Nikianza nayo sitamaliza.

Niliingia kazini kupitia kwa Fundi Shomari, mzee wa Kizaramo aliyekuwa na banda la mabati nyuma ya soko. Yeye alikuwa fundi redio. Mashine za gemu za kijivu zilipoanza kuletwa mtaani alizitazama kwa dharau, akanisogezea ya kwanza kwa ncha ya kidole.

"Shika wewe hii," akasema. "Mie sitengenezi kitu kisichotoa taarifa ya habari."

Aliniambia niichomoe kwenye umeme, kisha akanizuia nisiifungue mpaka amalize chai. Nikadhani ni madaha ya uzee. Chai ilikuwa ya moto, na alikuwa na maandazi mawili. Nikachoka kusubiri, nikafungua, nikaingiza kidole kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme. Ninachokumbuka ni mgongo wangu ukiwa umegonga ukuta na ladha ya chuma mdomoni. Fundi Shomari hata hakuinuka.

"Sasa mmejuana," akasema, akaendelea na andazi.

Umeme hubaki ndani ya mashine kwa muda hata waya ukishachomolewa, na kikombe kimoja cha chai ya moto ni muda wa kutosha. Mpaka siku nastaafu nilikuwa nachomoa, nachemsha chai, nakunywa, ndipo nafungua. Wateja walidhani napenda sana chai.

Alinifundisha mambo mengine mawili. La kwanza, mashine hufunguliwa mwenyewe akiwa amekaa hapo anatazama, na kifaa kibovu kilichotolewa hurudi naye nyumbani kwenye mfuko, hata kama hana cha kukifanyia. La pili, meza moja, mashine moja. Usifungue ya pili kabla hujafunga ya kwanza. La kwanza nililishika miaka yote. La pili nililivunja mara moja tu, na nitawaeleza yaliyonipata.

Mende nao wana sehemu yao katika kumbukumbu hizi. Mende wa Temeke anapenda joto la pawasaplai, na akishaingia anaita ukoo. Nimefungua mashine nyingi nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ufagio kwapani. Kuna mteja aliwahi kuniuliza kama nacheza ngoma. Nikamwambia asubiri kifuniko kitoke. Kilipotoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika barabarani.

Vifaa vyangu havikuwa vya ajabu. Bisibisi za nyota, mswaki wa meno, spiriti, hita ya upepo wa moto ya kuyeyushia risasi, kioo cha kukuzia, na mfuniko wa ndoo ya rangi wa kupangia skrubu kwa mfuatano zilivyotoka. Huo mfuniko ulikuwa na thamani kuliko hita. Fundi asiyejua skrubu ipi imetoka wapi atamaliza kazi akiwa na skrubu mbili mkononi, na atajipa moyo kuwa zilikuwa za ziada.

Miaka ya mashine namba mbili na namba tatu, matoleo yaliyofuata zile za kijivu, ndiyo tuliyoshiba kazi. Kila mtaa ulikuwa na kibanda cha gemu, na kila kibanda kilikuwa na sheria moja: aliyefungwa anainuka. Wanaosubiri walivua kandambili moja moja na kuzipanga mstari kutoka kwenye televisheni mpaka mlangoni. Kandambili yako ndiyo zamu yako. Ukienda dukani, inabaki ikikushikia nafasi, na hakuna aliyethubutu kuihamisha. Nilikuwa nikipeleka mashine iliyopona nahesabu kandambili kabla ya kupiga hodi, na zikizidi kumi nilijua kuwa mwezi haukatiki kabla ya pedi zao za kubonyezea kurudi mezani kwangu.

Sasa kosa lenyewe. Nalieleza kwa sababu fundi wa redio au wa friji hawezi kulifanya. Ni letu peke yetu. Ndani ya mashine namba nne zile nyeusi, kibao kidogo cha umeme kinachoendesha diski kinatambuana na kibao kikuu tangu kiwandani. Ukikihamishia kwenye mashine nyingine, hata iwe ya aina ile ile, mashine itawaka, picha itatoka, pedi zitafanya kazi, lakini haitasoma diski. Nilikuwa najua hilo vizuri kabisa. Nilikuwa hata nawafundisha wengine.

Jioni moja nilikuwa na mashine mbili za namna hiyo, pacha. Moja ilikuwa ya mwenye kibanda mmoja wa Tegeta. Nyingine ililetwa na Anitha, binti mtu mzima kutoka Makambako, aliyekuwa anarudi kwao kesho yake kuipeleka kwa kaka yake aliyetaka kufungua kibanda huko. Wote wawili walikuwa na haraka, na mimi naogopa watu wenye haraka. Fundi Shomari alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hakukuwa na wa kunikemea. Nikazifungua zote mbili wenyewe wakitazama, nikasafisha vibao kwa spiriti, nikavianika juu ya gazeti moja, kisha nikavirudisha. Mwenye kibanda akaaga aje kuchukua yake asubuhi; ya Anitha nikaijaribu kwa gemu lililokuwa tayari limehifadhiwa ndani ya mashine, si kwa diski. Ikacheza vizuri, akashukuru, akaondoka nayo.

Kesho yake saa moja asubuhi mwenye kibanda akaja kuchukua ya kwake. Nikaweka diski. Ikatoka. Nikaipangusa, nikaiweka tena. Ikatoka. Nikatazama lile gazeti likiwa bado mezani, na alama mbili za maji ya spiriti zikiwa zimekaribiana. Kifaa cha huyu kilikuwa njiani kwenda Makambako, na cha Makambako kilikuwa hapa. Mashine mbili nzima, na zote mbili zimekuwa hazina faida kwa wenyewe kwa mkono wangu mimi.

Simu yangu haikuwa na salio. Nikaomba ya mwenye kibanda.

"Dada, ni Fundi Hamisi. Usipande basi."

"Fundi gani?"

"Wa gemu. Kuna kifaa chako ninacho mie, na kuna cha mwenzako unacho wewe."

"Matapeli mmezidi siku hizi," akasema, akakata. Nilipopiga tena nikakuta ameshanizuia.

Mimi sipandi bodaboda. Siku hiyo nilipanda kutoka Tandika mpaka stendi ya Mbezi, mashine ya Tegeta nimeikumbatia kifuani, bisibisi mfukoni, macho nimeyafumba. Mahali fulani dereva akapunguza mwendo akaniuliza, "Mzee, unasali?" Nikamjibu ndiyo, na yeye aendelee kuendesha.

Nilimkuta Anitha kwenye viti vya kusubiria, mzigo wa mashine uko katikati ya miguu yake. Aliponiona akaukamata vizuri zaidi.

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ya mtu anayeamkia huku akitafuta askari kwa macho.

"Marahaba. Dada, nimekosea. Nimechanganya vifaa. Ukifika nayo nyumbani haitasoma diski hata moja."

"Kwa hiyo ni wewe uliyenipigia?"

"Ni mie."

"Basi linaondoka saa tatu."

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Karani mmoja wa tiketi alikuwa na televisheni ukutani inayoonyesha kwaya, na sijui alituonea huruma au alitaka kioja, lakini alituruhusu kutumia kaunta yake. Nikazifungua mashine zote mbili mbele ya abiria. Sikuwa na chai ya kusubiri, lakini zilikuwa zimechomolewa muda wa kutosha. Kwa haraka yangu skrubu zikaanza kudondoka. Anitha akaokota ya kwanza, kisha akazipanga zote juu ya tiketi yake, na nilipoanza kufunga akawa ananipa moja moja.

"Hapana, Fundi," akanizuia mahali pamoja. "Hiyo ndefu ilitoka kona ya nyuma."

Alikuwa sahihi. Alikuwa ameitazama mashine ikifunguliwa mara mbili tu maishani mwake, na tayari alikuwa anaijua kuliko mimi niliyeifungua. Tukachomeka, kwaya ikatoweka kwenye kioo, nikaingiza diski. Mashine ikaivuta, ikanguruma kidogo, na uwanja wa mpira ukajaa ukutani. Abiria wakapiga makofi. Mmoja akauliza zamu inaanzia wapi. Mimi nikakaa sakafuni.

Kabla ya kupanda basi Anitha aliniuliza kwa nini sikunyamaza tu, maana asingejua kama kosa ni langu au la mashine yenyewe. Nikamjibu kuwa niliogopa kukaa na jambo lile kuliko nilivyoogopa bodaboda. Akacheka. Mwaka uliofuata alirudi Dar akaja moja kwa moja mezani kwangu, akasema anataka kufundishwa na fundi anayekimbia mpaka Mbezi kusema amekosea. Ndivyo alivyoanza. Hakuna kati yenu aliyemzidi mkono, na mnajua.

Simu za kuchezea gemu hazikuja kwa kishindo. Mwanzoni tulifurahi, maana vijana walizichezea wakiwa wanasubiri zamu na ugomvi ukapungua. Kisha siku moja nikapeleka mashine kibanda kimoja cha Mbagala, na mlangoni nikatafuta kandambili nisizione. Nikadhani hakuna watu. Nikaingia, nikakuta vijana saba kwenye benchi, bega kwa bega, kila mmoja ameinamia simu yake. Wawili walikuwa wanacheza mpira wao kwa wao kwenye simu, wamekaa wamegusana. Televisheni ilikuwa inajichezea lile onyesho la mwanzo linalojirudia pasipo mtu. Mwenye kibanda alikuwa amesimama na pedi mkononi, anauliza, "Zamu ya nani? Jamani, zamu ya nani?" Hakuna aliyeinua kichwa. Nywele zilinisimama kuliko siku ile ya pawasaplai. Sikumwambia mtu, hata Anitha.

Baada ya hapo kila mwezi kibanda kimoja kilikuwa kinageuka kuwa saluni au duka la vifuniko vya simu. Wakaanza kuja wateja wa aina nyingine, watu wa nyumba mpya, wenye mashine moja ya nyumbani. Bwana mmoja aliniletea mashine nyeupe nzuri sana. Nikaizungusha pande zote.

"Diski inaingilia wapi?" nikamuuliza.

"Haina hiyo kitu, Fundi. Gemu zinatoka kwenye intaneti."

"Sasa inaumwa nini?"

"Inadai neno la siri. Mie nimesahau, na ile namba ya simu niliyoisajilia nilishaitupa."

Nikaifungua kwa sababu mikono haijui kufanya kingine. Ndani ilikuwa safi, kila kitu kizima, hakuna hata mende. Nilikaa nayo nusu siku nikiitazama. Kitu kibovu nakijua, nakiogopa, lakini nakiingia. Hiki kilikuwa kizima na kimekataa, na anayeweza kukiruhusu yuko nchi nisiyoijua wala hanijui. Nikamrudishia na mfuko mtupu, nikamwambia hakuna kilichotolewa. Usiku wa siku hiyo nilimwambia mke wangu kuwa kazi yangu imekufa. Akaniambia nile, chakula kinapoa.

Na bado, wenzangu, nilifanya nilichofanya.

Macho yaliponianza ukungu na mkono wa kulia ukawa hautulii tena na hita, Anitha alinifuata akiwa na swali. Duka moja la kutengeneza simu Kariakoo lilikuwa limempa nafasi, kazi ya vioo na betri, kiti chake kiko tayari. Alikuwa anakaa Kimara kwa shangazi yake na mwanawe wa kike. Akaniuliza wazi, kama anavyoulizaga mambo yote.

"Fundi, niambie kweli. Nichukue meza hii au niende kwenye simu? Ukisema niende, sitakulaumu."

Nilikuwa nimeshaona benchi la Mbagala. Nilikuwa nimeshaona mashine isiyo na mahali pa diski. Ukweli wote ulikuwa mdomoni. Lakini nilitazama ile meza, mfuniko wa rangi, mahali pa Fundi Shomari pa kuwekea kikombe, nikaviona vikitupwa nje na mtu wa kuuza vifuniko vya simu akipanga bidhaa zake hapo. Nikaogopa.

"Chukua," nikamwambia. "Simu ni za kupita. Watu watachoka kuinama. Watarudi kwenye televisheni."

Aliniamini kwa sababu ya Mbezi. Alidhani mimi ni mtu asiyeweza kukaa na uongo. Akaikataa Kariakoo, akapanga chumba Tandika, akamhamishia mwanawe shule ya huku. Mimi nikarudi nyumbani Chamazi kupumzika, na nikawa naenda kumtembelea kila Jumamosi.

Kila Jumamosi nilimkuta yuko mezani, mashine iko wazi mbele yake, mswaki mkononi. Ananiamkia, ananipa kiti, anachemsha chai.

"Kazi inaendaje, mwanangu?"

"Wateja wapo, Fundi. Tunamshukuru Mungu."

Narudi nyumbani nimelainika. Nalala vizuri mpaka kama Jumatano, kisha hofu inarudi, nasubiri Jumamosi inipoze. Nimeishi hivyo karibu mwaka.

Mwezi uliopita nilipangiwa kwenda kupimwa macho Temeke siku ya Jumanne. Nikamaliza mapema, nikasema nipite bandani kwa Anitha. Nikakuta kufuli. Nikadhani anaumwa, nikamfuata Mama Zuhura, fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye nyote mnamfahamu.

"Anitha mbona hayupo? Mzima?"

Mama Zuhura aliacha kukanyaga cherehani. "Mzima, Hamisi. Yuko Kariakoo."

"Kafuata vifaa?"

"Kafuata kazi. Anafanya kwenye simu, sijui mwezi wa ngapi huu. Hapa anakuja Jumamosi tu, unapokuja wewe." Akatazama mikono yake. "Wateja hakuna, kaka. Ile mashine unayomkuta nayo ni yake mwenyewe. Anaifungua, ukishaondoka anaifunga."

Nilirudi nyumbani. Nimelipa deni la woga maisha yangu yote kwa mgongo wangu mwenyewe, na kwa hilo simlaumu mtu. Lakini safari hii nimemfanya mtu mwingine alipe. Alipoteza kiti cha kwanza Kariakoo kwa neno langu, akahangaika sijui vipi kupata kingine, kila siku anatoka Tandika alfajiri kwenda huko, na siku yake moja ya kupumzika na mwanawe anaitumia kukaa mbele ya mashine nzima, akiipiga mswaki, ili mimi nisiogope.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kama kawaida. Nikamuuliza kazi inaendaje, akaniambia wateja wapo, nikasema vizuri. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema, na sikusema. Ndiyo maana nimekubali ombi lenu la kuandika. Karatasi haina macho.

Mnaniuliza kama mashine za gemu zina kesho. Sijui. Huenda zikabaki kwa wachache, nyumba moja moja, huenda siku moja vijana wakachoka kukaa saba kila mtu peke yake. Nilipomwambia Anitha kuwa watu watarudi, sikuwa najua. Msifanye kama mimi. Mtu akiwauliza kama aifuate kazi hii, mwambieni mlichokiona kwenye benchi, hata kama meza yenu itabaki tupu.

Karatasi hii nitampa Anitha aisome kabla yenu, na ataamua yeye kama iwafikie.

Anitha mwanangu, Jumanne ile nilifika. Nilikudanganya nikiwa najua, na nisamehe. Vifaa viuze au vigawe kwa hawa wenzako, na ufunguo wa banda mrudishie mwenye nyumba. Jumamosi hii usifungue. Kaa na mtoto.